Tamthiliya ya Kale ya China: Sanaa Iliyolelewa na Waliodharauliwa

Ugiriki ya kale ilikuwa na tamthiliya kubwa karne tano kabla ya kuzaliwa Kristo. Bara Hindi nayo ilikuwa na tamthiliya zake katika karne za mwanzo baada ya hapo. Lakini China, nchi iliyotangulia mataifa mengi kwa maandishi, kwa ushairi na kwa ufundi wa kutawala, haikupata tamthiliya kamili, yaani mchezo wenye kisa kirefu ambamo uimbaji, mazungumzo na uigizaji vimeungana kuwa kitu kimoja, mpaka karne ya 12 na ya 13. Swali la kwanza analojiuliza msomaji wa historia hii ni kwa nini sanaa hiyo ilichelewa kiasi hicho. Swali la pili ni zito zaidi: kwa nini ilipokwisha kuzaliwa haikuweza kuuawa, ijapokuwa ilipigwa marufuku mara nyingi, vitabu vyake vikatiwa moto, na watendaji wake wakawekwa katika daraja la chini kabisa la jamii?

Maswali yote mawili yana jibu moja. Wasomi wa China walihesabu ushairi, historia na falsafa kuwa kazi za heshima. Mchezo wa jukwaani waliuona kuwa upuuzi wa sokoni. Kwa sababu hiyo mchezo ulikaa muda mrefu bila waandishi. Na kwa sababu hiyo hiyo, ulipopata waandishi, tayari ulikuwa na mizizi mirefu miongoni mwa watu wa kawaida, mahali ambapo amri ya mtawala haikuweza kuifikia yote. Makala haya yataifuata safari hiyo, nasaba baada ya nasaba.

Mizizi ya Kale

Kama ilivyo katika nchi nyingi, dalili za mwanzo za uigizaji nchini China zilionekana katika ibada. Waganga wa kike na wa kiume waliimba na kucheza ngoma ili kuita mizimu, na katika kucheza huko waliiga mwendo na sauti za miungu yenyewe. Kando ya hao walikuwapo wachekeshaji wa barazani, watumishi wa wafalme ambao kazi yao ilikuwa kumfurahisha bwana wao kwa utani na maigizo.

Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika katika karne ya 2 na ya 1 K.K., ametuhifadhia kisa cha mmoja wa wachekeshaji hao, You Meng wa dola ya Chu. Waziri Sunshu Ao alikuwa amekufa maskini kwa sababu ya uaminifu wake, na mwanawe aliishi kwa kuuza kuni. You Meng alivaa nguo za marehemu, akajizoeza mwendo na usemi wake kwa muda wa mwaka na zaidi, kisha akatokea katika karamu ya Mfalme Zhuang, aliyetawala mwaka 613 hadi 591 K.K. Mfalme alishtuka akadhani waziri wake amefufuka, akataka kumrudishia cheo. You Meng aliomba kwanza akashauriane na mkewe. Aliporudi baada ya siku 3 alijibu kwamba mke amemkataza, kwa kuwa faida ya kumtumikia mfalme kwa uaminifu ni kuwaachia watoto ufukara. Mfalme akaelewa, akampa kijana yule ardhi.

Hiki si kisa cha tamthiliya kamili, lakini ndani yake imo mbegu yake. Aliyekuwa duni kuliko wote barazani alisema neno ambalo mawaziri hawakuthubutu kulisema, na aliweza kulisema kwa sababu alilisema kwa kinywa cha mtu mwingine. Tutaliona jambo hili tena na tena.

Katika enzi ya nasaba ya Han, iliyoanza mwaka 206 K.K. na kwisha mwaka 220 baada ya Kristo, yalipendwa sana maonyesho yaliyoitwa baixi, maana yake michezo mia. Humo mlikuwa na mieleka, kutembea juu ya kamba, kumeza panga, ngoma na viinimacho. Asili ya sarakasi ya China, ambayo vijana wa Tanzania walikwenda kujifunza huko katika miaka ya 1960, imo katika michezo hiyo. Mmojawapo ulikuwa na kisa: mzee Huang wa Bahari ya Mashariki aliweza zamani kuwatiisha chui milia na nyoka kwa uganga wake, lakini alipozeeka na kuzoea ulevi, uganga ukamtoka, akauawa na chui milia. Hapa mieleka ilikuwa imebadilika maana. Watazamaji walijua tangu mwanzo ni nani atakayeshindwa, na kilichowavuta kilikuwa kuona jinsi atakavyoshindwa.

Katika karne ya 6, wakati wa dola ya Qi ya Kaskazini, ulitokea mchezo wa mwana wa mfalme wa Lanling, shujaa ambaye husimuliwa kuwa uso wake ulikuwa mzuri mno kiasi cha kutotisha adui, hata akavaa kinyago cha kutisha vitani. Ulitokea pia mchezo wa mwanamke aliyepigwa na mume mlevi: alikuwa akiingia huku akiimba malalamiko yake, na waliokuwapo wakamwitikia kwa kibwagizo. Kwa mara nyingine, aliye mnyonge ndiye aliyepewa wimbo.

Nasaba ya Tang, iliyotawala mwaka 618 hadi 907, iliipa sanaa hii shule. Mwaka 714 Kaisari Xuanzong, mpenzi mkubwa wa muziki, aliweka katika jumba lake mafunzo ya waimbaji na wapigaji ala mahali palipoitwa Bustani ya Mipea. Hata leo waigizaji wa China huitwa wanafunzi wa Bustani ya Mipea, na vikundi vingi vilimheshimu Kaisari huyo kama mlezi wa kazi yao. Wakati huo huo uliendelea mchezo mfupi wa watu wawili, mmoja akiigiza ofisa na mwenziwe akimdhihaki. Hapo ndipo zilipoanza kutengenezwa nafasi maalumu za wahusika, jambo ambalo baadaye likawa nguzo ya jukwaa la China.

Miji ya Song na Kuzaliwa kwa Jukwaa

Mpaka hapa sanaa ilikuwa barazani au katika sherehe za dini. Ili iwe na maisha yake yenyewe, ilihitaji watazamaji wa kila siku walio tayari kutoa fedha zao. Watazamaji hao walipatikana katika miji ya nasaba ya Song, iliyoanza mwaka 960. Biashara ilikuwa imekua, amri za kufunga masoko usiku zilikuwa zimelegezwa, na mji mkuu, ambao leo unaitwa Kaifeng, ulijaa wafanya biashara, mafundi, askari na vibarua.

Kwa watu hao vilijengwa viwanja vya starehe vilivyoitwa wazi, na ndani yake kumbi zilizozungushiwa uzio. Meng Yuanlao, aliyeandika kumbukumbu zake mwaka 1147 baada ya kuupoteza mji huo, anaeleza kwamba katika mtaa mmoja tu kulikuwa na kumbi zaidi ya 50, na kubwa kuliko zote ziliweza kuchukua watu elfu kadhaa. Anaeleza pia kwamba katika mwezi wa 7, wakati wa kuwakumbuka wafu, ulichezwa mchezo wa Mulian, mtawa wa Kibudha aliyeshuka motoni kumwokoa mama yake. Mchezo huo ulianza siku ya 7 na kuendelea mpaka siku ya 15, na kila siku watazamaji walizidi. Kisa kirefu cha jukwaani kilikuwa kimekwisha kupata watu wake.

Mwaka 1127 majeshi ya Wajurchen yaliuteka mji mkuu, na baraza la Song likakimbilia kusini na hatimaye kukaa Hangzhou. Tamthiliya nayo ikagawanyika njia mbili. Kaskazini iliendelea michezo mifupi pamoja na utambaji wa hadithi ndefu kwa nyimbo. Kusini, katika mji wa bandari wa Wenzhou, ilizaliwa aina mpya iliyoitwa nanxi, yaani mchezo wa kusini, uliotumia nyimbo za mitaani na lugha ya watu wa huko. Waandishi wake wengi hatuwajui majina. Mmoja wa michezo hiyo, Zhang Xie Mshindi wa Mtihani, umeokoka kwa sababu tu ulinakiliwa katika ensaiklopidia kubwa iliyokamilishwa mwaka 1408 kwa amri ya Kaisari Yongle. Gombo lenye mchezo huo lilitoka China, likaonekana tena London mwaka 1920, ambako lilinunuliwa na mwanazuoni Ye Gongchuo. Bila bahati hiyo, tungekuwa na ushahidi mdogo sana wa asili ya tamthiliya ya kusini.

Enzi ya Yuan: Wasomi Waliposhuka Sokoni

Katika karne ya 13 Wamongolia waliiteka China, wakaanzisha nasaba ya Yuan mwaka 1271 na kuimaliza Song mwaka 1279. Ushindi huo uliwaletea wasomi balaa wasilolitazamia. Kwa karne nyingi mtihani wa utumishi wa serikali ulikuwa ngazi ya kupandia kwenye vyeo na heshima. Wamongolia waliusimamisha, haukufanywa tena mpaka mwaka 1315. Vizazi kadhaa vya watu waliolelewa kwa vitabu walijikuta hawana kazi wala heshima. Baadhi yao walikwenda mahali ambapo kalamu ingeweza kuwapatia riziki, yaani kwenye kumbi za michezo.

Hapo ndipo sababu ya kuchelewa ilipoondoka. Ufundi wa waigizaji, uliokomaa kwa karne nyingi bila waandishi, ulikutana na ufundi wa washairi waliokosa mabwana. Matunda yake yaliitwa zaju, na kilele chake cha kwanza kilikuwa katika mji wa Dadu, ambao leo ni Beijing. Zaju ilikuwa na kanuni kali: sehemu 4, pamoja na kipande kifupi cha kuunganisha pale kilipohitajika, nyimbo za kila sehemu zilifuata mpango mmoja wa muziki na kina kimoja, na kwa kawaida mhusika mmoja tu ndiye aliyeimba, wengine wakazungumza. Kanuni ya mwimbaji mmoja ilikuwa na nguvu ya ajabu. Kwa kuwa ulimwengu wote wa mchezo ulisikika kwa sauti ya mtu mmoja, lilikuwa jambo kubwa kuamua mtu huyo awe nani.

Guan Hanqing, mkubwa wa waandishi wa zaju, mara nyingi alimchagua mwanamke mnyonge. Michezo zaidi ya 60 imetajwa kuwa yake, na ipatayo 18 ingalipo. Masimulizi ya baadaye yanasema hakuona haya kupaka rangi usoni na kupanda jukwaani yeye mwenyewe. Mchezo wake maarufu, Dhuluma ya Dou E, wahusu binti aliyetolewa na baba yake, msomi maskini, kwa mwanamke aliyemdai fedha. Dou E aliolewa na mwana wa mwanamke huyo, na mara akawa mjane. Mhuni aliyetaka kumwoa kwa nguvu aliandaa sumu ili amuue mama mkwe, lakini aliyeinywa alikuwa baba wa mhuni mwenyewe. Dou E ndiye aliyeshtakiwa. Alipigwa mahakamani asikiri. Lakini hakimu alipotaka kumpiga mama mkwe, alikubali kosa ambalo hakulitenda, ili amwokoe yule mzee. Kabla ya kuuawa aliapa kwamba ikiwa hana hatia, damu yake haitagusa ardhi bali itapanda juu kwenye kitambaa cheupe, theluji itaanguka katikati ya kiangazi, na wilaya itakosa mvua miaka 3. Yote yakawa. Baba yake, ambaye sasa alikuwa ofisa mkaguzi, aliitengua hukumu baada ya mzimu wa binti yake kumjia usiku.

Mwalimu atakayeusoma mchezo huu pamoja na wanafunzi wake atagundua kwamba shtaka lake halikuishia kwa hakimu mmoja mla rushwa. Katika wimbo wake wa kwenda kuuawa, Dou E anazilaumu mbingu na ardhi kwa kushindwa kupambanua mwema na mwovu. Wasemavyo wahenga, mnyonge hana haki. Guan Hanqing alimpa mnyonge huyo jukwaa, muziki na umma wa kumsikiliza.

Wenzake wa enzi hiyo walikuwa wengi. Wang Shifu aliandika Hadithi ya Chumba cha Magharibi, mapenzi ya kijana Zhang na binti Cui Yingying. Katika hadithi ya enzi ya Tang ambayo kisa hiki kilitoka, kijana anamwacha msichana, na msimulizi anamwona kuwa na busara kwa kumwacha. Jukwaani wapenzi wanaoana, na anayewawezesha ni Hongniang, mtumishi wa kike, ambaye anamkabili bibi wa nyumba na kumshinda kwa hoja. Ji Junxiang aliandika Yatima wa Zhao. Mchezo huo ulitafsiriwa kwa Kifaransa na padri Joseph de Prémare, ukachapishwa mwaka 1735, na mwaka 1755 Voltaire akaonyesha mjini Paris tamthiliya yake mwenyewe iliyojengwa juu yake. Mwaka 1330 Zhong Sicheng alikamilisha kitabu chenye habari za waandishi wa michezo, kwa kuwa aliona kwamba watu hao wasio na vyeo wasipoandikwa watasahauliwa.

Waigizaji nao wametuachia alama. Katika hekalu la mungu wa maji huko Hongdong, mkoani Shanxi, kuna picha ya ukutani ya mwaka 1324 inayoonyesha kikundi kizima jukwaani: wapiga ngoma na filimbi, wenye ndevu za bandia, na katikati amesimama mtu aliyevaa joho jekundu la ofisa. Juu yake limeandikwa jina la nyota wa kikundi, Zhongdu Xiu, mwanamke.

Enzi ya Ming: Marufuku na Umaridadi

Wamongolia walifukuzwa mwaka 1368, na nasaba ya Ming ikarudisha utaratibu wa kale. Mwanzilishi wake, Zhu Yuanzhang, husimuliwa kuwa aliisifu sana Hadithi ya Gambusi ya Gao Ming, mchezo wa kusini wa mwisho wa enzi ya Yuan. Humo Zhao Wuniang, aliyeachwa na mume aliyekwenda mji mkuu kufanya mtihani, anawalisha wakwe zake wakati wa njaa, naye mwenyewe anakula makapi kwa siri. Wanapokufa anauza nywele zake ili awazike, kisha anatembea mpaka mji mkuu akiomba kwa kupiga ala ya nyuzi inayofanana na gambusi yetu. Mtawala aliona humo funzo la utii kwa wazazi. Watu wa vijijini huenda waliona pia njaa, na msomi aliyepata cheo akasahau kwao.

Mchezo uliotufundisha utii ulipendwa. Mchezo uliowagusa wakubwa ulikatazwa. Sheria ya Ming iliagiza viboko 100 kwa waigizaji watakaowaigiza makaisari, malkia, mawaziri waaminifu au wahenga wa zamani. Mwaka 1411 amri ya Kaisari Yongle ilikwenda mbali zaidi: yeyote mwenye maandishi ya michezo isiyoruhusiwa ayapeleke yachomwe katika muda wa siku 5, na atakayeyaficha atauawa pamoja na jamaa yake yote. Waigizaji na wapiga muziki waliandikwa kuwa watu wa daraja duni. Wanaume wa kazi hiyo waliamriwa kuvaa kitambaa cha kijani kichwani ili wajulikane, na watoto wao hawakuruhusiwa kufanya mtihani wa serikali.

Hata hivyo tamthiliya ilikua. Katika karne ya 16 mwimbaji Wei Liangfu na wenzake waliutengeneza upya muziki wa Kunshan, karibu na Suzhou, wakaufanya laini, wa taratibu, ukiongozwa na filimbi. Ndio ulioitwa kunqu. Michezo mirefu ya kusini, iliyoitwa chuanqi, ikavikwa muziki huo. Mwandishi wake mkuu alikuwa Tang Xianzu, aliyezaliwa mwaka 1550 na kufa mwaka 1616, mwaka ule ule aliokufa Shakespeare, ambaye Kiswahili kilimpokea kwa tafsiri za Mwalimu Nyerere. Mwaka 1591 Tang Xianzu alihamishiwa kusini kabisa mwa nchi kwa sababu ya waraka wake wa kuwalaumu wakubwa, na mwaka 1598 akaacha utumishi. Mwaka huo huo alikamilisha Kibanda cha Maua ya Mudan, mchezo wenye maonyesho 55. Binti wa ofisa, Du Liniang, aliyefungiwa ndani kwa maadili makali, anaota ndoto ya kijana bustanini, anakufa kwa kumtamani, na baada ya miaka 3 anafufuliwa na mapenzi ya kijana huyo huyo. Katika jamii ambamo ndoa ilikuwa biashara ya wazazi, kusema kwamba mapenzi yana nguvu kuliko kifo lilikuwa jambo la hatari kidogo.

Lakini kunqu ilikuwa na udhaifu wake. Matajiri walinunua watoto na kuunda vikundi vya waigizaji majumbani mwao. Maneno yalizidi kuwa magumu, yenye mafumbo ya vitabu vya kale, na wako waandishi waliotunga michezo ya kusomwa tu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sanaa iliyotoka sokoni ilikuwa imeanza kulisahau soko.

Enzi ya Qing: Mashambani Kunapojibu

Nasaba ya Qing ya Wamanchu, iliyoingia Beijing mwaka 1644, iliona kazi mbili kuu za mwisho za mtindo huo. Hong Sheng alikamilisha Jumba la Uzima wa Milele mwaka 1688, kisa cha mapenzi ya Kaisari Xuanzong na maangamizi aliyoyaleta. Mwaka uliofuata mchezo huo ulionyeshwa wakati wa matanga ya malkia, na Hong Sheng akafukuzwa katika Chuo cha Kifalme. Kong Shangren, mzao wa Confucius, alimaliza Upepeo wa Maua ya Mpichi mwaka 1699. Mada yake ni kuanguka kwa Ming, na shujaa wake ni Li Xiangjun, mwimbaji wa nyumba za starehe, anayekataa kuolewa na mkubwa mwovu na kujigonga kichwa mpaka damu inarukia upepeo wake. Mawaziri wanaiuza nchi. Mwanamke wa daraja la chini anabaki mwaminifu. Mwaka 1700 Kong Shangren alipoteza kazi yake serikalini.

Baada ya hao, nguvu ya kunqu ilipungua, na kishindo kikasikika kutoka mikoani. Kila sehemu ilikuwa na michezo yake iliyoimbwa kwa lugha ya kwao, iliyochezwa kwenye magulio, katika sherehe za mavuno na mbele ya mahekalu. Wasomi waliiita fungu la maua, kwa maana ya mchanganyiko usio na utaratibu, na kunqu wakaiita fungu la umaridadi. Lakini shahidi mmoja wa karne ya 18 ameandika kwamba katika mji mkuu watu walifurahia michezo ya mikoani, na kunqu ilipoanza walitawanyika kwa kelele. Mwaka 1785 serikali ilipiga marufuku uimbaji wa qinqiang mjini Beijing. Miaka 5 baadaye ilibidi iufungue mlango yenyewe: mwaka 1790, katika sherehe za kutimiza umri wa miaka 80 kwa Kaisari Qianlong, kikundi cha Sanqing kilifika kutoka kusini na michezo ya mkoa wa Anhui. Vikundi vingine vikafuata, na kwa kuchanganyika na waigizaji wa Hubei katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, ikatokea ile iitwayo jingju, yaani mchezo wa Beijing.

Katika jingju mwimbaji hufuatwa na zeze lenye sauti kali, matoazi na ngoma. Wahusika wamegawanywa katika mafungu 4: wanaume, wanawake, nyuso zilizopakwa rangi, na wachekeshaji. Rangi yasema tabia: nyekundu ni uaminifu, nyeusi ni unyofu, nyeupe ni hila. Jukwaani kuna meza moja na viti viwili, navyo vyaweza kuwa mlima, kitanda au ukuta wa mji. Mwenye fimbo ya shada amepanda farasi. Anayeyumba kwa kasia mkononi yumo mashuani. Hali ya vikundi vya kusafiri vilivyobeba vyombo vyao vyote katika masanduku ilisaidia kujenga ufundi huu, na ufundi huu ukawa falsafa: mwili wa mwigizaji peke yake watosha kuumba dunia.

Mwili huo ulilipiwa kwa gharama kubwa. Watoto wa maskini walitolewa kwa mikataba ya miaka, mara nyingi 7, wakafundishwa kwa viboko, na katika mikataba hiyo mwalimu hakuwajibika mtoto akitoroka au akifa. Wanawake walikuwa wamezuiliwa majukwaa ya Beijing, hivyo wanaume ndio waliowaigiza. Cheng Changgeng, aliyekufa mwaka 1880, aliimba mbele ya wakuu wa baraza, lakini kisheria kazi yake ilibaki duni.

Baada ya Nasaba

Ukaisari ulikwisha mwaka 1912. Muda mfupi baadaye, kitabu cha Wang Guowei juu ya historia ya tamthiliya za Song na Yuan, kilichotolewa mwaka 1915, kiliwalazimisha wasomi wakubali kwamba zaju zilistahili kukaa pamoja na mashairi makuu ya taifa. Mei Lanfang alikwenda Japani mwaka 1919, Marekani mwaka 1930 na Urusi ya Kisovieti mwaka 1935, ambako Bertolt Brecht alimtazama na kupata mawazo mapya juu ya uigizaji.

Kunqu, iliyokuwa karibu kufa, iliamshwa mwaka 1956 na mchezo mmoja wa Zhejiang, Shada Kumi na Tano za Sarafu, wenye asili ya enzi ya Qing. Kisa chake ni cha ofisa anayefungua upya kesi ya watu waliohukumiwa kufa bila hatia. Si ajabu kwamba kisa cha namna hiyo, ndugu ya kile cha Dou E, ndicho kilichougusa umma.

Lakini hatari haikuwa imepita. Mwaka 1961 mwanahistoria Wu Han alichapisha mchezo wa jingju juu ya Hai Rui, ofisa wa enzi ya Ming aliyethubutu kumkosoa Kaisari. Mwezi Novemba 1965 mchezo huo ulishambuliwa gazetini kuwa ni dhihaka dhidi ya serikali, na shambulio hilo likafungua Mapinduzi ya Utamaduni. Kati ya mwaka 1966 na 1976 michezo ya kale iliondolewa majukwaani. Wu Han alifia kifungoni mwaka 1969. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 michezo ilirudi, ikichezwa na wazee walioihifadhi kichwani na mwilini. Kunqu ilitangazwa na UNESCO kuwa urithi wa binadamu mwaka 2001, na jingju mwaka 2010.

Historia hii ina funzo kwa kila anayefundisha au kujifunza fasihi. Utamaduni wa taifa haukai katika maktaba za wakubwa peke yake. Wapo watunzaji wake wengine, ambao mara nyingi hawaandikwi: mwimbaji wa gulio, mtoto wa mkataba, mwanamke aliyechorwa ukutani kijijini. China ilichelewa kuipata tamthiliya yake kwa sababu wenye kalamu waliwadharau wenye jukwaa. Ilipoipata, iliipata kwa sababu balaa la wakati liliwashusha wenye kalamu mpaka walipo wenzao. Na kila mara sanaa hiyo ilipozuiliwa juu, ilipona kwa kuwa chini yake walikuwapo watu ambao bado walihitaji kumsikia Dou E akiimba njiani kuelekea kifo chake, na kuamini kwamba theluji itaanguka.